Kwaresima ya Kichwa

Wanawake wanaoteremsha mboga kutoka milimani, kule juu ya Bigwa, wana kitu wanachokiita breki, na mtu asidhani ni kile cha pikipiki. Ni vidonge viwili vya maumivu, vinavyomezwa alfajiri na chai ya rangi kabla ya kutwishana matenga. Mteremko wa kwenda soko la Morogoro ni mkali, tenga la kabichi linakaa utosini saa mbili nzima, shingo inazama mabegani, na mwenye akili zake, walisema, hasubiri kichwa kianze kuuma ndipo ahangaike. Anapiga breki mapema. Aliyesahau vya kwake alipewa na mwenzake palepale kwenye jiwe la kupumzikia, vikifunguliwa kutoka pindo la kanga kwa mapenzi kabisa. Kukataa kulikuwa kama kukataa salamu.

Cecilia, mama Janeth, mke wa Fidelis, ndiye aliyekuwa fundi wa mambo hayo, na haki ya ufundi alikuwa nayo. Kipandauso alikirithi kwa mama yake, naye mama alikirithi kwa bibi, kama shamba la ukoo. Kilimwanza mwaka aliovunja ungo. Kilikuja mara moja kwa mwezi, pengine mbili, na kilikuwa na adabu ya kubisha hodi: kwanza mwanga mdogo pembeni mwa jicho, wenye meno kama msumeno, unameremeta, unatanuka polepole mpaka unafunika nusu ya kitu anachokitazama. Akiona hivyo anajua ana muda wa kufika kitandani. Kisha upande mmoja wa kichwa unaanza kupigwa, anatapika, analala gizani, na kesho yake yuko shambani anapalilia karoti. Hicho alikizoea. Hata alikiheshimu, kwa sababu katika maisha yake yote hajaona kitu kizuri kama ule mwanga, wala kitu kibaya kama kilichoufuata.

Kilichomshinda ni hiki kingine. Miaka mitatu sasa aliamka na kichwa kinachouma na kulala na kichwa kinachouma. Hakikubisha hodi wala hakikuwa na mwanga. Kilikaa pande zote mbili, kizito, kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye chuki. Akapiga breki mbili alfajiri, mbili nyingine sokoni mchana, mbili jioni ili apate kupika. Vikimtuliza kidogo, alishukuru. Visipomtuliza, aliongeza.

Krismasi ikaja na wifi yake akaja na mtoto wa miezi mitatu. Mtoto akalia, kama watoto wanavyolia, na Cecilia akaisikia sauti ile ikiingia sikio hili na kugota ndani bila kutokea la pili. Akafoka anyamazishwe, kwa sauti ambayo hata yeye mwenyewe hakuitambua, kisha akatoka mbio akaenda kukaa migombani, viganja masikioni. Wifi alifunga mizigo yake kesho yake asubuhi. Hakununa, aliaga vizuri tu, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Basi mwezi wa kwanza Janeth, binti yake wa pekee, aliyeolewa Kingolwira, akapiga simu. Ana mimba ya miezi sita, ya kwanza, na atakuja kwa mama kujifungua, kama ilivyo desturi. Cecilia alicheka kwa furaha, akakata simu, kisha akakumbuka Krismasi. Jioni Fidelis, mtu mpole asiyejua kupandisha sauti hata kwa mbuzi, akasema huku anatazama chini kwamba pengine mtoto azaliwe hukohuko Kingolwira, kwa mama mkwe wa Janeth. Alisema kwa nia njema. Lakini kwa Mluguru maneno hayo ni kofi. Mtoto wa binti ni wa ukoo wa mama, ndiye mwendelezo wa jina na wa ardhi, na bibi asiyeweza kumpokea mjukuu kama huyo nyumbani kwake ni bibi wa nini? Cecilia alijua mumewe amesema kweli, na kweli hiyo ilimnyima usingizi. Alikuwa na miezi mitatu ya kutafuta kichwa kingine.

Akateremka zahanati bila tenga, jambo lililowashangaza waliokutana naye njiani. Huko akamkuta tabibu mmoja kijana, Yunusi, mzaliwa wa Dakawa, aliyemwamkia shikamoo kabla hajakaa. Yunusi akampima presha, akamchungulia macho kwa tochi, akamwinamisha shingo, akamgonga magoti, akamtembeza mstari mmoja ulionyooka kama mlevi anayepimwa na polisi. Hakuona kitu cha kutisha, akasema. Akauliza anameza vidonge vingapi. Cecilia akasema kidogo tu, vya kushukia. Yunusi akaandika kitu, na Cecilia akajua hakuaminiwa.

Dawa hakumpa. Alimpa kazi: arudi nyumbani, na kwa mwezi mzima kila siku ya kuumwa achore mstari kwenye kalenda, kila siku ya kumeza aweke nukta. Mama wa watu akapanda mlima kwa muda wa saa tatu akinung'unika, kwamba ameenda hospitali kama mgonjwa anarudi kama mwanafunzi wa darasa la pili. Lakini ile simu ya Janeth ilikuwa bado masikioni mwake. Akachukua mkaa jikoni, akaanza kuchora kwenye kalenda ya parokia iliyoning'inia ukutani, chini ya majina ya watakatifu.

Mwezi wa pili ulipokwisha akalichana karatasi lile akashuka nalo. Wakati anangoja zamu yake kwenye benchi, alilikunjua akalitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Siku ishirini na nane. Mistari ishirini na nane. Nukta ishirini na saba, na ile siku moja isiyo na nukta ni kwa sababu duka la kijijini lilikuwa limefungwa. Akatafuta Jumapili, siku ambazo hakuna tenga wala mteremko. Nazo zilikuwa na nukta. Alilikunja haraka, kana kwamba jirani yake kwenye benchi angeweza kulisoma.

Yunusi alilitazama muda mrefu.

"Mama, unameza kwa sababu kinauma?"

"Sasa nimeze kwa sababu gani, daktari?"

"Basi nikuambie jambo, usinichukie. Hiki cha kila siku, kinauma kwa sababu unameza."

Akamweleza taratibu. Kichwa chenye kipandauso kikipewa dawa ya maumivu siku nyingi mfululizo kinaizoea, kisha kinaanza kuidai, na namna yake ya kudai ni kuuma. Unakipa, kinanyamaza saa chache, kinadai tena. Aache vyote. Si kupunguza, kuacha. Kwanza kitauma zaidi, siku kadhaa, pengine wiki mbili, wengine mpaka nne, halafu kitatulia. Kabla ya mzigo ale na anywe maji, asishuke na chai tupu. Akamwandikia kidonge kimoja kidogo cha usiku, ambacho si cha kutuliza maumivu bali cha kuzuia kipandauso kisije mara kwa mara. Kile chenyewe cha mwanga kitakapokuja siku za mbele, ruksa kukimezea dawa ya maumivu, mapema, lakini isizidi siku mbili kwa wiki. Na kama kichwa kitapasuka ghafla kama radi, au mkono ukafa ganzi, au homa ikaja na shingo ikakaza, asingoje kesho, ashuke hospitali mara moja.

Cecilia alitoka pale amekasirika, na mimi simlaumu. Miaka mitatu umelala na jambazi, halafu anakuja kijana asiye na ndevu kukuambia jambazi ni yule mlinzi uliyemwajiri.

Njiani kupanda alimkuta Mwajuma, mama Mansuri, kwenye jiwe la kupumzikia, anarudi kutoka sokoni na tenga tupu. Hawa wawili wameshuka na kupanda pamoja miaka ishirini, mmoja akimtwisha mwenzake asubuhi, mwingine akimtua sokoni. Cecilia akamsimulia habari yote kwa kejeli, akiiga hata namna Yunusi alivyomgonga magoti. Mwajuma akacheka sana, akapeleka mkono kwenye pindo la kanga amfungulie mwenzake viwili vya kumtuliza. Mkono ukaishia hapohapo. Kicheko nacho kikakatika.

"Mama Janeth," akasema, "mwezi wa Ramadhani mimi simezi breki."

"Najua. Umefunga."

"Hata daku simezi. Nani ameze breki saa ile halafu arudi kulala? Sasa sikiliza. Siku tatu nne za kwanza kichwa kinataka kupasuka, nasema ni chai imenikosa. Kisha kinatulia. Kinatulia kabisa, nashuka na tenga huku nimefunga, mpaka Idi. Kila mwaka. Mimi nilikuwa najua ni baraka za mwezi."

"Na baada ya Idi?"

Mwajuma akautazama ule mkono wake uliokuwa bado kwenye pindo la kanga.

"Baada ya Idi tunapiga breki, tunashuka," akasema kwa sauti ndogo.

Wakatazamana, wanawake wawili wazima wenye watoto na mashamba. Miaka ishirini dawa ya kitendawili chao ilikuja yenyewe mara moja kila mwaka, ikakaa nao siku thelathini, wakaipokea, wakaishukuru, wakaiacha ipite bila kuiuliza jina. Cecilia akakumbuka na mwaka ule mvua ilipoporomosha njia na duka likakauka siku nne. Kichwa kilimtesa mpaka akaita padre moyoni, na siku ya tano alipopata vidonge akawaambia watu wote kwamba bila dawa hizi angekufa. Kumbe angevumilia kidogo tu angefika ng'ambo. Kijana wa Dakawa angeweza kuwa amekosea, lakini Mwajuma hakuwa amesoma kitabu chochote cha vichwa, na maneno yao yalikuwa mamoja.

Mwaka huo mifungo miwili ilianguka wiki moja. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa ukisubiriwa kuonekana jioni ileile, na Jumatano iliyofuata ilikuwa ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima. Cecilia akasema basi, yeye Kwaresima hii hafungi nyama wala sukari. Atafunga breki. Mwajuma akasema na wewe usifungue kabla ya Pasaka yako, tutaona nani ni mwanamke.

Jumatano padre akampaka majivu kwenye paji la uso, palepale panapouma, na siku ya kwanza ikapita kwa kiburi. Ya pili kichwa kikaamka na hasira zake zote. Ya tatu Cecilia hakuweza kusimama. Alilala chumbani, kanga ya maji usoni, ndoo pembeni, na alitapika mpaka hakukuwa na cha kutoka. Jogoo akahamishiwa kwa jirani. Fidelis akafunga mzega, mti wa begani wenye mzigo kila ncha, akabeba kabichi mwenyewe kwenda sokoni, wanaume wenzake wakimcheka njia nzima kwamba leo bwana harusi ndiye anayeolewa. Hakujali. Jioni alirudi akamwosha mkewe miguu, akamnywesha uji, akamwuliza kwa sauti ya chini kama kweli ni lazima. Cecilia hakuwa na uhakika tena, lakini akasema ni lazima.

Siku ya sita alikuwa anatafuta kanga kavu sandukuni, vidole vikagusa kifundo kidogo kwenye pindo. Viwili. Alivisahau huko Mungu anajua lini. Hakufikiri hata kidogo. Vilikuwa ulimini kabla hajajua ameinua mkono, na uchungu wake ulipoanza kuyeyuka mdomoni, kichwa chote kikashangilia. Kilishangilia kabla ya dawa kufika popote! Hilo ndilo lililomwogopesha. Akahisi kuna kitu ndani yake kinachomjua kuliko anavyojijua, kimekaa kinamngoja, na kimefurahi kwa kuwa amerudi. Akatema kwenye ndoo, akasukutua, akalala chini sakafuni, akilia si kwa maumivu bali kwa kustaajabu kwamba kichwa cha mtu kinaweza kumfanyia mwenyewe ujanja wa namna ile.

Kila jioni Mwajuma alikuwa anapita kabla ya kufuturu. Anakaa kizingitini, mgongo kwenye fremu ya mlango, naye kichwa chake cha siku za mwanzo kimetulia tayari. Mmoja anangoja jua lizame, mwingine anangoja kitu ambacho hajui kitafanana na nini. Jua likishazama Mwajuma anasema "haya", anaondoka.

Jumatatu, siku ya kumi na tatu, Cecilia aliamka akadhani amekufa.

Alijilaza vilevile chali bila kufungua macho, kwa sababu kulikuwa na kitu kimekosekana na hakujua ni kitu gani. Alifikiri labda ni kelele fulani iliyozimika nje. Akasikiliza. Akausikia mto ule wa bondeni ambao umepita chini ya shamba lake maisha yake yote, na miaka mitatu hakuwa ameusikia. Akawasikia mbega msituni wanaamshana. Akasikia maji yanachemka jikoni, na Fidelis anavuta kigoda kwa uangalifu ili asimwamshe. Ndipo akaelewa. Kichwa hakiumi. Hakikuwa kinauma kidogo, wala hakikuwa kimetulia kwa muda. Hakikuwa na kitu ndani yake, kitupu na baridi kama mtungi uliooshwa.

Aliogopa kukisogeza. Aliinuka polepole, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa hadi ukingoni, akaenda mlangoni, akafungua. Jua lilikuwa ndiyo linaibuka, na mlima mzima mbele yake, kuanzia migomba ya jirani mpaka msitu wa juu kabisa wenye mawingu, ulikuwa umelowa mwanga. Miaka mitatu alikuwa anautazama kwa jicho moja, amekunja uso, kiganja kwenye paji. Sasa aliutazama kwa macho yote mawili wazi, na mwanga ukaingia, na haukumfanya kitu. Aliona kila jani la mgomba. Aliona moshi wa nyumba ya mama Mansuri kule chini. Akasema "Mungu wangu" mara tatu, na maneno hayo hayakutosha. Fidelis alimkuta amesimama pale machozi yanamtiririka, akaangusha kikombe kwa hofu, na kishindo chake hakikumshtua Cecilia. Alicheka.

Nisikudanganye kwamba iliishia hapo. Kichwa kilirudirudi, siku hii robo, siku ile nusu, na katikati ya mwezi wa nne akiwa kwenye matuta ya karoti ule mwanga wa msumeno ukajitokeza pembeni mwa jicho. Alishikwa na woga. Alidhani yote aliyoteseka yamebomoka. Halafu akamkumbuka Yunusi, akaenda nyumbani bila kukimbia, akala ndizi, akameza vidonge vyake viwili kwa maji mengi, akalala gizani na kuutazama ule mwanga ukitanuka na kupasuka nyuma ya kope zake. Aliamka saa mbili baadaye. Kimeisha. Kipandauso cha ukoo, kilichokuwa kinamlaza siku nzima, kimeisha kwa vidonge viwili! Ni vilevile vya duka lilelile, ambavyo mwaka mzima uliopita alikuwa anavimeza sita kwa siku bila kupona. Alikishika kibahasha cha vidonge akakigeuzageuza mkononi. Dawa ilikuwa imerudi kuwa dawa.

Wale wengine wa jiwe la kupumzikia walimsikia, wengine wakaacha, wengine wakamcheka na kuendelea. Hakugombana na mtu. Mwajuma safari hii Idi ilipopita hakufungua pindo.

Janeth alikuja akiwa mzito, anatazama nyumba kwa wasiwasi, kwa sababu habari za Krismasi zilimfikia. Wiki moja baada ya Pasaka akajifungua hospitali ya mjini, mtoto wa kike, na siku ya pili wakapanda naye mlimani polepole, Fidelis akitangulia kuondoa mawe njiani kana kwamba mtoto ndiye anayetembea.

Alikuwa mtoto wa kulala, siku zile mbili za mwanzo. Siku ya tatu asubuhi, watu wako kwenye chai, akafungua mdomo. Sijui mtoto mdogo vile anatoa wapi sauti ile. Ilijaza nyumba, ikatoka madirishani, mbuzi wakageuka. Fidelis akabaki na kikombe hewani, anamtazama mkewe. Janeth akaruka kumchukua, mkono mmoja unafungua nguo, mwingine umekwenda moja kwa moja kuziba kinywa cha mtoto, kidogo tu, kwa vidole viwili, huku macho yake kwa mama yanaomba radhi.

Cecilia akaweka kikombe chini. Akavitoa vile vidole, kimoja kimoja.

"Mwache, mwanangu."

"Analia, mama."

"Namsikia. Ndiyo maana nasema mwache."

Akampokea, akamweka begani, mdomo wa mtoto umegusana na sikio lake. Mjukuu akalia humo kwa nguvu zake zote, na bibi akafumba macho akamsikiliza mpaka alipochoka mwenyewe.